Kibao Kimoja cha Nyumba ya Kadhi

Kabla ya yote, Mwenyezi Mungu anisamehe. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi nikimwacha Sadala nje, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa waliomcheka. Leo namrudisha mahali pake.

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, mji mmoja wa pwani ya Mrima ulikuwa na nyumba ya mawe iliyokuwa ya kadhi. Serikali ilikwisha kuiandika katika daftari la majengo ya kale: haibomolewi, haiongezwi, haipunguzwi. Aliyeirithi ni Bi Mwanakheri, mjane asiye na mtoto. Wanunuzi wa milango ya nakshi walimjia, akawakatalia. Wakamjia tena, akawakatalia tena, na siku hiyo alikuwa ameshindia uji mtupu. Mwisho akaitoa nyumba wakfu iwe makumbusho ya mji, naye akahamia kwa dada yake.

Akaja ofisa wa mambo ya kale. Akagonga ukuta wa sebule, ukamwaga mchanga.

"Ukuta unaoza kwa ndani," akasema. "Nisipojua sababu kabla ya masika, naifunga. Hakuna makumbusho."

Huyu akasema mizizi. Yule akasema majini. Sadala naye alikuwa pale. Alikuwa mwashi enzi zake, na sababu aliijua, maana ni yeye. Miaka thelathini nyuma, babake Bi Mwanakheri alimpa kazi ya kupiga lipu ya chokaa. Chokaa inataka subira: huchomwa, huzimwa kwa maji shimoni, hulazwa miezi. Sadala alikuwa na haraka ya kuoa. Akapiga saruji, juu yake akapaka chokaa kidogo kama poda, na vile vidaka vya nakshi, vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, vilivyomsumbua akaviziba kabisa. Saruji haipumui. Unyevu ukafungiwa ndani, ukala mawe.

Wiki tatu alisali na siri yake. Kila akisujudu, anauona ule ukuta. Ijumaa moja, baada ya swala, akasimama.

"Jamani, ni mimi. Nilimdanganya marehemu. Ndani mle mna saruji."

"Sadala Saruji!" mtu akadakia. Watu wakacheka palepale msikitini, na jina likamganda.

Bi Mwanakheri alipopata habari alimwambia, "Baba alikufa akikusifu, kaka Sadala." Hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Ndipo Kingwaba, fundi kutoka bara kidogo, akasema, "Chokaa naijua. Mzee, nionyeshe ulipoziba."

Sadala akapapasa ukuta. "Hapa. Na hapa. Na hapa."

Kingwaba akabandua saruji kwa tindo ndogo. Akazima chokaa, akangoja. Akapiga, akangoja. Mwezi wa saba wa kazi akaanguka kutoka jukwaani, mguu ukavunjika. Akamalizia kazi amekalia debe. Vidaka vikatoka, ishirini na saba, nakshi zake kama za jana. Nyumba ikapona.

Siku ya kufungua, ofisa akasema, "Naruhusu kibao kimoja tu na jina moja. Ukuta huu sitautoboa mara mbili."

Kingwaba akasema, "Nilikuta kifusi, nimeacha nyumba. Na mguu wangu je? Kibao ni changu."

Bi Mwanakheri akasema, "Mwanangu, mimi ningeuza, wewe ungetengeneza ukuta wa nani? Sina mtoto wa kulibeba jina langu. Kibao ni changu."

"Na Saruji?" mtu akachokoza. Wakacheka.

"Msicheke," Kingwaba akasema. "Asingesema, ningepiga chokaa juu ya saruji, masika ya kwanza ingebanduka. Vidaka nisingevijua."

"Kwa hiyo aliyeharibu atuzwe kwa kuwa amesema?" Bi Mwanakheri akauliza.

Sadala akainamisha kichwa. "Bi, kosa ni langu, silikani. Ila wajukuu zangu nao wanaitwa Saruji. Natamani wapite mlangoni wasome Sadala, basi."

Leo nyumba imejaa watoto wa shule, wanahesabu vidaka kwa vidole. Kibao kimepigwa misumari, lakini hakijaandikwa.

Je, aliyeitunza, aliyeitengeneza na aliyekiri, nani aandikwe? Nakuomba, msikilizaji, unitajie jina moja. Usinitajie yote matatu.