Chokaa Kwenye Azalia

Wahenga waliposema kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza, hawakumsema mjinga peke yake. Hata fundi hodari huingia gizani mara tu avukapo mpaka wa ufundi wake, tena huingia kwa kishindo, maana hajui kwamba hajui.

Palikuwa na mwashi ambaye watu walimwita Bwana Chokaa. Kuta zake zilinyooka kama uzi. Kwake chokaa ilikuwa dawa ya kila kitu: siafu wameingia, chokaa, choo kinanuka, chokaa, ukuta umeota ukungu, chokaa.

"Huyu akiumwa jino atalipaka chokaa," mama yake alizoea kumtania.

Mama huyo alikuwa na vichaka vitatu vya azalia mbele ya nyumba, ile azalia isiyopukutika, iliyo kijani mwaka mzima, na ikichanua hujifunika maua gubigubi kama mtu aliyejitanda kanga mpya. Kila kichaka alikipanda alipojifungua mtoto. Cha kwanza kilikuwa cha Bwana Chokaa, cha pili cha dada yake aliyeolewa mbali. Cha tatu, kando ya pipa la maji ya mvua, kilikuwa cha kitinda mimba, aliyefariki kabla hajaota meno. Mama hakuwa na picha ya mtoto huyo. Alikuwa na kichaka tu.

Siku alipoteleza akavunjika nyonga na kulazwa hospitali, alimshika mwanawe mkono. "Mwanangu, vile vichaka uvipe maji ya mvua, na majani makavu juu ya mizizi. Basi. Ukiona jambo hulielewi, kamuulize Mama Miche." Mama Miche alikuwa jirani yao, muuzaji wa miche.

"Mama nawe! Mimi ninayejenga ghorofa, nikaulize habari za maua?"

Haikupita wiki, akaona majani machache ya ndani yamekuwa manjano, mengine yameanguka. Moyo ulimlipuka paa. Si yalisemwa hayapukutiki? Alikimbilia stoo, akatoka na chokaa, akavimwagia vichaka vyote mashinani. Cha kwake alikiongezea ndoo nzima, kwani nani asiyejipenda?

Mwezi ukaisha. Majani yote yakageuka manjano, kijani kikabaki kwenye mishipa tu. Akaongeza chokaa. Ndipo asubuhi moja alipofungua mlango, kikombe kikamponyoka mkononi. Majani yote yalikuwa chini. Vichaka vimesimama vitupu kama fagio, na mama anarudi keshokutwa!

Alimwendea jirani mbio, povu likimtoka. "Mama Miche, umemwaga sumu kwenye maua ya mama yangu! Wivu huo!"

Mama Miche alifuta mikono, akamfuata. Akachuchumaa penye kichaka cha kwanza, akachomeka kidole udongoni. Kikatoka cheupe.

"Nani kamwaga chokaa hapa?"

"Mimi," akasema Bwana Chokaa.

"Yarabi! Azalia hutaka udongo mchachu, baba. Chokaa huua ule uchachu, mmea ukafa njaa na chakula kipo."

"Lakini majani yalikuwa yanaanguka!"

"Mangapi?"

"Sita. Saba hivi."

"Ya zamani hayo! Hata anayevaa kijani mwaka mzima hubadili nguo. Maua yako hayakuwa yakiumwa."

Bwana Chokaa akaketi mavumbini. Hayakuwa yakiumwa! Daktari ndiye aliyekuwa ugonjwa.

"Inuka, lete sepetu," Mama Miche akamwambia. "Mizizi yake haiendi chini, hutandaa kama mkeka."

Wakaving'oa vichaka taratibu, wakaiosha mizizi kwa maji ya mvua, wakatupa ule udongo mweupe na kuweka mboji ya majani yaliyooza. Wakavirudisha juujuu, shina lisizikwe, wakatandaza majani makavu. Cha kwanza hakikurudi. Mizizi yake ilikuwa myeusi, ikabaki mikononi mwa mwenyewe.

Mama alirudi kwa magongo. Alipofika getini gongo moja likaanguka, asiliokote. Alilipita shimo tupu bila kulitazama, akajikokota hadi kwenye pipa. Pale akakwangua shina kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na ukijani: kingali hai. Akalia hapo hapo.

"Mama, nisamehe. Nilidhani navitibu. Changu kimekufa."

"Wewe nakuona umesimama hapa," mama akasema, bado ameshika lile shina. "Huyu ningemwona wapi tena?"

Msimu uliofuata kichaka cha pipani kilitoa maua matatu tu, nao mtaa mzima ulikuja kuyatazama. Bwana Chokaa hakuwapo. Alikuwa kwa Mama Miche, kofia mkononi, mche mdogo mbele yake.

"Shimo nilichimbe kina gani, mama?"

"Leo umeuliza!" Mama Miche akacheka hadi akashika ubavu. "Na ile chokaa?"

"Iko ukutani, mama. Ukutani tu."

Maana alikuwa amekwisha kuonja mwenyewe, tena mchana kweupe, kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza.