Pimbi kwenye Geti la Maporomoko

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mlima, theluji kichwani, ukungu kiunoni. Sogeeni karibu, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, huko mbele hakuna nafasi.

Mlimani humo palikuwa na maporomoko ya maji, vuuu, usiku na mchana. Wanyama wa tambarare walipanda kuyatazama. Njiani alikaa Nyani, dume la miraba minne, aliyejipa mwenyewe kazi ya kulinda geti. Alikula vya kila mgeni, kisha akasema, "Subiri."

Siku moja akaja Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia hata wa kufukuzia inzi, amembeba mama yake mgongoni. Mama alizaliwa kwenye mwamba ulio nyuma ya maji yale, akaolewa bondeni. Sasa alikuwa mgonjwa, pumzi imebaki kidogo. Alitaka kitu kimoja tu, manyunyu ya kwao yamguse uso kabla hajafa.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba kupita."

"Marahaba. Mmeleta nini?"

Pimbi akatoa matunda. Nyani akala, kwacha kwacha. "Subirini."

Kesho yake Pimbi akaleta ndizi. Nyani akala, kwacha kwacha. "Subirini."

"Mama, tupenye vichakani."

"Hapana, mwanangu. Siwezi kuingia kwetu kama mwizi. Tusubiri."

Kesho kutwa yake Pimbi akaleta asali. Nyani akalamba, lamba lamba. "Subirini." Mama akakohoa, na Pimbi akaingiwa na hofu.

Sasa, pimbi huota jua juu ya mawe kila asubuhi, kwa hiyo anajua jambo asilolijua anayelala mpaka saa nne. Jua likiwa mgongoni na ukungu mbele, kivuli chako husimama ukunguni, kikubwa kupita kiasi. Asubuhi ya nne akamwendea Nyani.

"Mzee, ng'ambo ya korongo kuna mwenzako. Mkungu wake wa ndizi unashinda nyumba."

"Nionyeshe."

Nyani akapanda mwamba, mkungu wake begani. Kweli, ukunguni lilisimama jitu la nyani, mkungu begani. Akainua mkono. Jitu likainua mkono.

"Ananiita," akasema Nyani, mate yanamtoka.

"Au anakwambia usubiri."

"Mimi? Nisubiri?"

Akaruka. Poro-poro-poro, pu! Kimya.

Pimbi akakimbia getini. "Mama, njia nyeupe. Amka twende."

Mama hakujibu. Alikuwa pale pale kwenye foleni, miguu ameikunja kwa adabu, amekwisha kupoa. Pimbi akambeba hivyo hivyo mpaka kwenye maji. Manyunyu yakamlowesha uso, naye Pimbi akalia. Mpaka leo pimbi hulia mlimani, na wageni huulizana kuna nini.

Hadithi yangu imefika getini, imepita bila kuomba ruhusa. Na funzo lake, watoto, ni lile mnalofundishwa kila siku: subira huvuta heri. Kamuulizeni mama yake Pimbi.