Jezi Moja, Mabega Matatu

Sogeeni karibu, wa nyuma nao wanisikie. Hadithi hii nimeibeba siku nyingi na jibu lake sinalo. Leo naitua kwenu, na najua mtagombana.

Mlimani Kwembuzi, mji wa baridi na ukungu, kulikuwa na timu moja ya mpira na watu watatu wa kuangaliwa. Wa kwanza ni Kocha Shemdoe, aliyejua lini mwili ukimbie na lini utulie. Wa pili ni Nyange, aliyejua kumlisha mtu akashiba na kumlaza akalala. Wa tatu ni Hoza, aliyejua kukimbia, na aliyechukia kupitwa kuliko alivyochukia njaa.

Katikati yao alisimama Singano, mume wa Nyange, winga wa kushoto. Chenga alikuwa nazo zote. Pumzi hakuwa nayo. Akiingizwa, dakika kumi za kwanza aliwaka, kumi za pili alishika kiuno. Washabiki wakampa jina.

"Kibiriti! Umeshazima?"

Sasa sikilizeni desturi ya Kwembuzi. Fainali ikiisha na timu ikishinda, mchezaji bora huvua jezi yake, na jasho lake likiwa bichi, akamvika mtu aliyempa pumzi. Mtu mmoja tu. Aliyevikwa hutangulia mbele ya timu mpaka sokoni, ngoma nyuma yake, na tangu siku hiyo huitwa Mwenye Pumzi mpaka anaingia kaburini. Jina hilo lilitamaniwa mlimani kote. Ndugu walinuniana kwa ajili yake.

Kabla ya Kocha Shemdoe kufika, timu ile iliamini kwamba mazoezi ni mateso. Siku moja kabla ya mechi walipanda mbio mpaka kwenye mnara wa simu, tumbo tupu, bila maji, eti maji yanatia uzito. Aliyetapika alipigiwa makofi. Kesho yake waliingia uwanjani wamekwishachoka, wakafungwa, wakasema hawajateseka vya kutosha.

Kocha Shemdoe alitazama upuuzi huo mara moja tu.

"Nani aliwaambia kuchoka ndiyo kupata nguvu?"

Akamchukua Singano kwenye mteremko ulio nyuma ya uwanja. Panda kwa kasi, shuka kwa kutembea. Panda tena, shuka tena. Siku nyingine mbio ndefu za polepole, mtu aweze kuzungumza huku anakimbia. Na siku ya kuamkia mechi, kunyoosha viungo, kugusa mpira, kwenda nyumbani. Kila mpando ulipokwisha alimwekea vidole viwili shingoni, akasikiliza.

"Bado. Ngoja moyo urudi mahali pake."

"Kocha, tukipumzika hivi si tutakuwa wavivu?"

"Mbio zinaubomoa mwili, Singano. Mapumziko ndiyo yanayoujenga upya. Wewe ulikuwa unabomoa kila siku na hujengi."

Habari za vidole viwili zikamfikia Nyange, naye akaona wivu.

"Eti kocha anakushika shingo kila jioni," alimwambia mumewe. "Mimi mkeo, mapigo yako nayajua lini?"

"Nyange, ni mazoezi tu."

"Haya. Yeye akutoe jasho. Mimi nitalirudisha."

Akalirudisha kweli. Uji mzito wa maziwa kabla ya asubuhi kupambazuka vizuri, viazi vitamu na maharage mchana, mayai alipopata, chupa ya maji yenye chumvi kidogo na sukari mkononi mwa mume kila akitoka. Marafiki waliozoea kuja jioni kucheza karata mpaka macho mekundu aliwapokea mlangoni.

"Amelala."

"Saa hizi, shemeji? Hata jua halijazama vizuri!"

"Jua na lichelewe litakavyo. Mume wangu amelala."

Wakampa jina la Polisi. Hakujali. Alitaka siku ya fainali mlima mzima uone kazi ya jiko lake.

Lakini aliyeumwa na wivu kuliko wote ni Hoza. Ile namba ya winga wa kushoto ilikuwa yake, na Singano alikuwa akiingia kubadilisha tu. Alipoona Kibiriti anaanza kupata pumzi, usingizi ulimruka. Akaomba naye apande mteremko. Kila mpando alitangulia yeye, na kila alipofika juu aligeuka, akacheka. Singano akimkaribia, Hoza anaongeza. Akimkaribia tena, anaongeza tena.

Asubuhi moja ya mvua Singano alikaa juu ya jiwe katikati ya mteremko. "Nimeshindwa," alisema. "Nitabaki hivi hivi." Kocha alimsihi, hakuinuka. Hoza alikwishafika juu. Akashuka mpaka kwenye jiwe, akainama.

"Kaa hapo hapo, ndugu yangu. Nitawaambia Kibiriti kimelowa."

Singano aliinuka kama aliyechomwa. Akamfukuza Hoza mpaka kileleni, na kwa mara ya kwanza akampita. Hoza alirudi kwao bila kuaga. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika mazoezini. Lakini namba ilikuwa imekwenda kwa Singano.

Fainali ilikuwa na timu ya Bondeni. Bao moja kwa moja, dakika za mwisho, wachezaji wote mikono kiunoni. Singano akauchukua mpira katikati ya uwanja. Beki akamfuata, akachoka, akasimama. Wa pili akateleza. Kipa akatoka, na mpira ukampita chini ya mkono. Kwembuzi ikalipuka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Singano, mchezaji bora, akavua jezi. Na pembeni ya uwanja wakasimama watatu.

"Nani alikutoa kwenye mnara?" akauliza Kocha. "Bila mimi ungekuwa bado unatapika na kupigiwa makofi. Ukimvika mwingine, kesho napanga begi langu."

"Kocha, ulimkuta mifupa mitupu," akasema Nyange. "Ile wiki niliyokwenda msibani kwetu, akashindia chai, aliumaliza mteremko?"

Kocha akatikisa kichwa kukiri. Singano hakuumaliza wiki ile.

"Hoza je, wewe unasimama hapa kwa lipi?" Nyange akamgeukia.

"Mimi sikumpa chochote, shemeji. Alichukua. Namba yangu kachukua, pumzi yangu kachukua. Basi jezi anirudishie."

"Ulimtakia mabaya!"

"Nilimtakia. Na mabaya yangu ndiyo yaliyomwinua kwenye jiwe. Nyinyi wenye mapenzi mlikuwa wapi?" Akamgeukia Singano. "Ukinipita na leo, nahamia Bondeni."

"Mvike," Nyange akamwambia mumewe taratibu. "Mvike huyo aliyekuombea uanguke, halafu uende ukale kwake."

Wapiga ngoma wameshusha mikono. Singano amesimama kifua wazi, baridi inamtambaa mgongoni, jezi inadondosha jasho kwenye nyasi. Msiniambie aichane vipande, desturi imekataa. Msiniambie aivae tena. Hakuna aliyewahi kujipa pumzi mwenyewe. Bila kocha, ukali wa Hoza ungembomoa. Bila Nyange, kocha hakuwa na cha kujengea. Bila Hoza, angekuwa mpaka leo juu ya jiwe, ameshiba, amepumzika, ameshindwa.

Haya, nyinyi mlioketi hapa: jezi ingekuwa mkononi mwako, ungemvika nani? Aliyemfundisha kupumzika, aliyemjaza nguvu, au aliyemwonea wivu mpaka akakimbia? Na wale wawili utakaowaacha, ungewaambia nini?