Sukari Nyeusi ya Vijiji Vitatu

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na anayesinzia amguse mwenzake amwamshe. Nina shauri la kuwatwisha leo, maana mimi limenishinda.

Katika milima ya Upare kulikuwa na vijiji vitatu, kimoja juu ya kingine. Chini bondeni ni Mfingazi, katikati Ikongwe, na juu kabisa, kwenye ukungu, Kirore. Mfingazi alikaa Mzee Mbonea, mkulima wa miwa, aliyejaliwa mkono wa kuotesha; kijiti alichochomeka yeye hakikukataa kuchipua. Ikongwe alikaa Nakundwa, mpishi wa sukari, aliyejaliwa kujua kwa jicho na kwa harufu ni wakati gani sufuria litoke motoni. Kirore alikaa mjane mmoja, Tumsifu, naye alijaliwa subira. Aliweza kulea moto mdogo wa moshi kwa miezi, usizime wala usilipuke.

Mikono ya watu hawa na ya majirani zao ndiyo iliyotoa sukari nyeusi. Ni sukari guru, lakini si hii mnayoikuta kila duka. Miwa ilitoka Mfingazi, ikapikwa Ikongwe, kisha mabonge yakafungwa kwa majani makavu ya mgomba na kupandishwa Kirore, yakaning'inizwa darini juu ya moshi mpaka yawe meusi na magumu kama jiwe. Ukiitia kwenye uji, jirani wa nyumba ya tatu anakuja kukusalimu. Wateja waliiita sukari ya milimani, basi. Hakuna aliyeuliza mlima upi.

Siku moja gulioni, mnunuzi aliyezoeana na Nakundwa alipita mbele ya kapu lake bila kusimama. Nakundwa akamwita.

"Dada, mwaka huu sichukui," mnunuzi akasema kwa sauti ya chini. "Kuna kampuni mjini inatengeneza sukari ya milimani. Wameomba jina liwe lao. Nimeambiwa likishapita, nikikutwa na ya kwenu nitashtakiwa kwa kuuza bandia."

"Bandia? Sukari ya bibi yangu ndiyo bandia?"

Mnunuzi akamwonyesha pakiti. Ilikuwa sukari ya kawaida iliyotiwa rangi, nje imechorwa mlima na jani la mgomba. Nakundwa alirudi nyumbani na kapu lake limejaa.

Vijiji vitatu vikakutana, vikamteua Nakundwa kuwa msemaji, vikapeleka pingamizi kwenye baraza la majina ya vyakula. Baraza likajibu kwamba ipo sheria ya kuwalinda. Chakula ambacho ubora wake unatokana na mahali kinapotengenezwa kinaweza kupewa nembo ya asili, na mtu wa nje asiliguse jina hilo. Lakini baraza lilitaka mambo matatu. Lione shambani muwa unaotumika. Lishike mkononi bonge la zamani, lililotengenezwa kabla kampuni haijazaliwa. Na lisikie upishi wenyewe ukielezwa hadharani. Likikosekana moja, jina ni la kampuni.

Kwanza ni muwa. Ule mwekundu mwembamba, ndio unaotoa sukari nyeusi, ulikuwa umepigwa na ugonjwa miaka ya nyuma, na wengi wakaung'oa wakapanda mnene wa kiwandani. Mzee Mbonea peke yake alikuwa na shamba zima la ule wa asili. Majirani walichukua mbegu kwake kidogo kidogo. Wakaguzi wa baraza wakiwa njiani, tembo walivuka mto kutoka porini. Ilikuwa asubuhi. Mbonea akawasha kinyesi kikavu kilichochanganywa na pilipili, moshi ambao tembo huuchukia, akasimama katika moshi akigonga debe. Kundi likageuka. Dume moja halikugeuka. Watu walimpigia kelele, "Mzee, kimbia! Acha miwa!" Hakukimbia. Alitupa kijinga cha moto cha mwisho usoni mwa tembo, akaanguka mtaroni, na mguu wa mnyama ukapita juu ya mguu wake. Nusu ya shamba ilibaki imesimama. Wakaguzi walipofika, Mbonea alikataa kupelekwa hospitali mpaka awaonyeshe miwa kwa kidole chake, akiwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Pili ni bonge. Kila nyumba ya Kirore ilikuwa imeuza akiba yake, isipokuwa ya Tumsifu. Darini kwake lilining'inia bonge alilolitundika binti yake Nanzia alipozaliwa. Ndiyo desturi ya huko: siku ya harusi, wazee wa upande wa mume hulivunja bonge hilo mlangoni, na kila mmoja hula kipande, ndipo bibi harusi atoke. Harusi ya Nanzia ilikuwa imekaribia.

"Mama, wakija watavunja nini?" Nanzia aliuliza, amelishikilia bonge kwa mikono miwili.

"Nitatundika jingine."

"Jingine la lini? Watajua ni la juzi. Watasema tumewadharau."

"Mwanangu, nipe."

Alimpa, akiwa analia. Wataalamu wa baraza walilipasua wakalichunguza hadi halikubaki bonge. Siku ya harusi, wazee wa upande wa mume waliligonga lile jipya, likapasuka laini kama mkate, wakatazamana. Waliondoka bila kuingia ndani, na harusi ikavunjika. Nanzia alihamia kwa mjomba wake Tanga, na simu ya mama yake haipokei.

Ukabaki upishi. Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Nakundwa alisimama mbele, nyuma yake ameketi shangazi yake, Bi Naiman, mwanamke mkubwa wa jiko la Ikongwe. Yeye ndiye aliyemwapisha Nakundwa asiutoe upishi nje. Upishi ule ulikuwa siri ya wanawake wa Ikongwe tangu enzi; mume haambiwi, mkwe haambiwi, wa kijiji kingine ndiyo kabisa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Nakundwa akasema, "naomba niwaeleze nyinyi peke yenu, chumbani."

Wakili wa kampuni akainuka. "Siri hailindwi na nembo, mheshimiwa. Kama hawana cha kueleza, hawana cha kulindwa."

"Sheria inataka hadharani, mama," mwenyekiti akasema. "Sema, au ukae."

Nakundwa akageuka kumtazama shangazi yake. Shangazi akatikisa kichwa, mara moja. Nakundwa akautazama ukumbi. Alimwona Mbonea na magongo yake, akamwona Tumsifu aliyekaa peke yake, kiti cha pembeni yake kitupu. Akafumba macho, akasema.

Alisema jinsi majivu ya maganda ya ndizi yanavyotiwa kwenye maji ya miwa ili uchafu uelee. Alisema povu linavyokuwa dogo kama macho ya dagaa, kisha kubwa kama macho ya ng'ombe, na kwamba hapo ndipo mwiko unasimama, sufuria litoke motoni. Akasema na lile la mwisho, kwamba kipande cha sukari ya mwaka uliopita hudondoshwa ndani ili ile mpya igande. Karani aliandika. Wakili wa kampuni naye aliandika. Bi Naiman akajifunga khanga yake vizuri, akainuka, akatoka. Tangu siku ile Nakundwa akimwamkia, haitikiwi.

Baraza likaikatalia kampuni. Vigelegele vikaanza, mwenyekiti akainua mkono.

"Bado. Nembo inabeba jina la mahali pamoja. Siandiki 'milimani', milima iko kila mahali. Wala siandiki majina matatu. Kijiji kitakachotajwa ndicho kitakachochorewa mpaka. Walio ndani watapiga nembo na kulinda ubora. Walio nje wanaweza kuwauzia kazi yao kama vibarua, lakini jina si lao. Nileteeni jina kabla sijafunga kikao. Msipoleta, faili nalifunga, na kampuni iko huru kuomba upya."

Watatu wakatoka hadi ubarazani.

"Andikeni Mfingazi," Mbonea akaanza. "Jiko linahama, moshi unahama. Muwa ule ukiupanda kwingine unakuwa muwa tu. Na mguu wangu umezikwa pale."

"Mzee wangu, pole, lakini muwa bila Kirore ni sukari guru ya duka lolote," Tumsifu akajibu. "Weusi wake ni wetu. Nyumba yangu imebaki na mtu mmoja kwa ajili ya weusi huo. Niende kuwaambia nini walio juu?"

Wakamtazama Nakundwa.

"Wewe, Mzee, miwa bado unayo," akasema taratibu. "Na wewe, Mama Nanzia, moto wako bado unauwasha. Sisi tulichokuwa nacho nimekimwaga mle ndani, na adui kakiokota. Ikongwe isipotajwa, wanawake wangu wamebaki na nini?"

Mbonea akainamisha uso kwenye magongo yake. Tumsifu alikuwa akilia bila sauti. Kila mmoja aliona kwamba wenzake wamesema kweli, na hilo ndilo lililowafanya washindwe hata kugombana.

Karani akachungulia mlangoni. "Mwenyekiti anakusanya makaratasi yake."

"Nenda," Mbonea akamwambia Nakundwa. "Wewe ndiye msemaji. Utakalolitaja, sitalipinga."

"Wala mimi," akasema Tumsifu, lakini hakumtazama.

Nakundwa akaingia peke yake. Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu, wino haujagusa karatasi.

"Haya, mama. Jina?"

Nakundwa akafungua mdomo.

Nami hapo nanyamaza, jamani, nawaachia nyinyi. Mfingazi, aliyeutetea muwa kwa mguu wake? Kirore, aliyelitoa bonge na harusi ya mwanawe? Au Ikongwe, aliyevunja kiapo na kubaki hana siri? Mwenyekiti anangoja. Je, wewe ungelitaja jina gani?