Kijasho cha Bibi Cherehani

Wahenga walituonya kwamba mwenye kuficha ugonjwa hawezi kuuficha hadi mwisho, kwa maana ipo siku kifo chenyewe kitautangaza hadharani. Wengi huficha kwa aibu. Bibi Cherehani, fundi wa nguo, aliuficha kwa mapenzi.

Alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa sukari waliojitolea kujaribu dawa mpya pale chuo kikuu. Mtafiti aliyewahudumia alikuwa binti mwembamba kama sindano, mwenye adabu, aliyempokea mlangoni kwa mikono miwili na kumwita mama. Bibi Cherehani, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alimpenda kama mboni ya jicho lake.

Kila alipokwenda kupimwa, binti alimuuliza, "Mama, hujambo? Dawa haikusumbui?"

"Sijambo, mwanangu! Dawa yako tamu kama asali!"

Wenzake kwenye benchi walicheka, nao wakajibu vivyo hivyo. Nani angemjibu mtoto mwema vile kwa malalamiko?

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Dawa ilishusha sukari kupita kiasi. Akiketi kushona, mikono ilimtetemeka, jasho la baridi likamtiririka, mshono ukaenda upogo. Hapo alinyemelea jikoni, akalamba sukari hadi atulie.

Siku moja mumewe alimfumania, kijiko kinywani.

"Ewe mwanamke! Unameza dawa ya kushusha sukari, kisha unailamba sukari yenyewe? Huko si kuteka maji kwa pakacha?"

"Nyamaza, baba. Nikisema, utafiti utasimamishwa. Mtoto wa watu ameikondea dawa hii. Nimvunje moyo kwa kijasho tu?"

"Na ukifa, moyo wangu mimi atanishonea nani?"

Bibi akacheka, akapangusa midomo. Hakumwambia mtu.

Siku ya kipimo kikubwa waliagizwa waje bila kutia kitu tumboni. Bibi akatii. Akaketi kwenye benchi, mumewe kando yake, jasho likimtoka na sukari hana. Binti akaja kumwita.

"Mama, hujambo?"

"Sija..." akajibu, akaanguka kama gunia.

Binti alipiga magoti, akamchoma sindano ya glukosi mshipani. Machozi yalimdondoka, lakini mkono haukuyumba. Mume naye akayamwaga yote pale pale: jasho, mtetemeko, hata kijiko.

Bibi alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia dawa yako."

"Mama, ningekuja kuwapa wengine dawa hii nikidhani ni salama. Wangeanguka majumbani mwao, hakuna wa kuwachoma sindano. Sikutaka unisifu. Nilitaka uniambie."

Kisha mzee mmoja akainua mkono taratibu. "Hata mimi natetemeka, binti yangu."

"Na mimi," akasema jirani yake, akitazama chini.

Jaribio likasimamishwa siku hiyo hiyo. Lilipoanza tena, kipimo cha dawa kilikuwa kimepunguzwa, na binti akisalimu alielezwa yote, hata ya magoti na meno yasiyomhusu, mpaka akaomba apumue.

Bibi Cherehani yu hai kwa rehema za Mungu. Huwaambia wagonjwa wapya bila haya, "Mimi kifo kilinipigia hodi tu, ninyi msingoje kiingie ndani. Semeni! Mficha maradhi, kifo humuumbua."