Bibi Aliyebeba Maji Kwenda Kwenye Visima

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mwaitikia kinyonge, hamjala? Basi ngano ya leo ni ya wali. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo kale, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji chenye visima saba. Maji tele. Na palikuwa na Bi Mwatime, kizee mwembamba, meno hana, maneno anayo.

Siku moja akaletwa bibi harusi, jina lake Mashavu, kutoka ng'ambo ya mto. Mila ya pale ilikuwa hii: bibi harusi awapikie wakwe wali siku tatu. Na mila nyingine: asitoke kwao na chombo cha mama yake. Hata mwiko.

Siku ya kwanza Mashavu akapima kama alivyofundishwa na mama yake. Vibaba vitatu vya mchele, kata sita za maji. Kata mnaijua, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, cha kuchotea maji mtungini. Chubwi, chubwi, chubwi. Chubwi, chubwi, chubwi. Akafunika. Akafunua.

Uji.

Siku ya pili akahesabu kwa sauti, wifi zake wakisikia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akafunika. Akafunua.

Uji tena.

Mama mkwe akasema, "Mkono wake mbaya. Kesho tukinywa uji tena, arudi kwao."

Mashavu akalia, maskini. Alimpenda mumewe, na mumewe alimpenda.

Bi Mwatime akaja kumwuliza, "Mwanangu, kwenu mwapima kata ngapi?"

"Sita, Bibi. Tangu nizaliwe, sita."

"Na wali wenu?"

"Punje na punje, Bibi, hazigusani."

Kizee akaenda zake. Alfajiri akachukua buyu, akashika njia. Tapu, tapu, tapu, akavuka mto mpaka kwa mamake Mashavu. Akamwambia, "Nitilie kata sita za maji kwa kata yako." Chubwi mara sita. Akaziba buyu kwa makumbi, akajitwika, akarudi. Tapu, tapu, tapu.

Watu wakamwona. Loo, walivyocheka!

"Bi Mwatime, visima saba havikutoshi?"

"Chekeni. Meno mnayo."

Akaingia jikoni kwa mama mkwe, wakwe wote wamekwisha keti mkekani. Akatwaa kata ya pale. Akamimina buyu humo, akajaza, akamwaga mtungini.

"Hesabuni," akasema.

Gudu gudu, moja. Gudu gudu, mbili. Gudu gudu, tatu. Watu wakasogea. Gudu gudu, nne.

Akalitikisa buyu. Kimya. Tone halikutoka.

"Ya tano iko wapi?" akauliza mama mkwe.

"Haipo. Nazi za huku kubwa, vifuu vyake vikubwa. Kibaba ni kimoja, twanunua soko moja. Kata si moja. Sita za kwao ni nne za kwetu. Tatu za kwao ni mbili za kwetu. Haya Mashavu, pika."

Chubwi, chubwi, chubwi, chubwi. Akafunika. Jiko zima limebana pumzi, na mimi ningekuwapo ningebana yangu. Akafunua.

Wali, jamani! Punje na punje, hazigusani!

Watu wakala, wakalamba vidole. Mama mkwe hakula. Alikuwa ameishika ile kata, akiigeuza.

"Mimi nami niliolewa hapa kutoka mbali," akasema polepole. "Mwaka mzima nilipika uji. Mwaka mzima niliitwa mkono mbaya, nikaamini."

Akamvuta Mashavu akamkalisha karibu yake, akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo, bibi harusi wa pale huja na kata ya mama yake, ikatundikwa pamoja na ya mkwewe. Basi jamani, kabla hujamlaumu mpishi, uliza kapimia nini.

Buyu limekauka, hadithi yangu nayo imeishia hapo. Aliyebakiza wali, aniletee.