Kizibao cha Tulizo

"Usimvue mtu kizibao hujageuza usukani."

Bibi Sikola aliyasema hayo jikoni, akichambua maharage, baada ya mjukuu wake Lusiana kumwita mdogo wake Edita mwizi wa chanuo. Edita alikuwa analia bado. Chanuo lenyewe lilikuwa limechomekwa kisogoni kwa Lusiana.

Lusiana akaona haya, akajifanya kuuliza. "Sasa bibi, kizibao na chanuo wapi na wapi?"

Bibi akausogeza ungo. "Msemo huu haukutoka kwa mababu. Ulizaliwa hapa hapa kwetu, nami nilikuwepo. Kaeni."

Wakakaa, naye akasimulia.

Pale kijiweni karibu na zahanati, nilipokuwa nauza uji, waendesha pikipiki walikuwa na desturi yao. Mtu akituhumiwa kumharibia mwenzake chombo, anavuliwa kizibao chake cha njano mbele ya wote. Kinatundikwa kwenye msumari wa kibanda, na yeye anakaa kwenye jiwe mpaka shauri liishe. Na bila kizibao, wanangu, hakuna abiria atakayekupandia.

Erasto Mlowe alikuwa na pikipiki mpya, ya kwanza pale isiyo na kabureta. Petroli yake hupulizwa na kisindano, na kisindano huamriwa na kompyuta ndogo iliyo chini ya kiti. Aliipenda jamani. Kitambaa cha kuifutia kilikuwa kisafi kuliko leso yake.

Siku moja mwenzake wa kijiweni, Tulizo Ngailo, ambaye tairi lake lilikuwa limepasuka, akamwomba amwazime pikipiki ampeleke mkewe kujifungua. Erasto akampa bila maneno. Mtoto akazaliwa salama, wa kike, na Tulizo akairudisha pikipiki ameiosha mpaka spoku zinameremeta.

Ikaja baridi ya Juni, ile ya kuuma masikio, na pikipiki ikaanza vituko. Silensa, yaani ule mngurumo wa injini mtu asipogusa resi, ikakataa kutulia. Erasto akienda barabarani, sawa. Akiiegesha tu, imelalia mguu wake wa pembeni na usukani umeinamia kushoto, inapiga kelele kama inapanda mlima.

"Ilikuwa nzima," Erasto akasema mbele ya kijiwe kizima. "Nani mwingine ameipanda?"

Tulizo akasimama. "Kaka, niliiendesha polepole. Mke wangu ana uchungu, ningekimbiaje?"

"Uliiosha. Kompyuta inaoshwa?"

"Ameibatiza pamoja na mtoto," mmoja akadakia, na watu wakacheka.

Tulizo hakucheka. Alijivua kizibao mwenyewe, akakaa kwenye jiwe. Shati lake lilikuwa limechanika kwapani, nasi hatukuwahi kujua, kwa sababu kizibao kilikuwa kinamsitiri. Nikammiminia uji. Alikishika kikombe mpaka uji ukapoa, hakunywa.

Asubuhi iliyofuata mkewe akapita akimpeleka mtoto kliniki. Alimwona pale juu ya jiwe. Hakumsalimia, alivuta khanga akamfunika mtoto uso, akaharakisha. Alitaka mumewe asilazimike kuinua kichwa. Mimi mwenyewe niligeukia sufuria yangu.

Mchana fundi Pangras akafika. Erasto alikuwa amefunga kwenye vishikio ile mifuko ya blanketi ya kukinga mikono na baridi, aliyoshonewa na mama yake. Fundi akaifungua ili apate nafasi ya kufanya kazi. Akauliza kama taa ya injini imewahi kuwaka. Haikuwahi. Akainusa petroli, akapuliza chujio la hewa, akasafisha kilango cha hewa. Akawasha. Ikatulia kama paka.

"Sijaona ugonjwa," akasema. "Uchafu kidogo tu."

"Uchafu wa nani?" Erasto akauliza kwa sauti, akilitazama jiwe.

Akachukua mifuko yake, akaifunga tena kwa mpira wa tairi, akaikaza kama kawaida yake, wezi wasiichomoe. Akapanda. Akageuza usukani kushoto aingie barabarani.

Injini ikapiga ukelele.

Akaunyoosha usukani, ikatulia. Akaugeuza, ikalia tena. Akainama mwenyewe, akapitisha kidole chini ya ule mpira, na pale kidole kikakwama. Waya wa resi ulikuwa umefungwa pamoja na usukani. Kila usukani ulipogeuka kushoto, waya ulivutika, kama vile kuna mkono umejificha unaongeza mafuta.

"Mifuko hii uliifunga lini?" Pangras akauliza.

"Baridi ilipoanza."

"Kabla ya kumwazima Tulizo au baada?"

Angeweza kudanganya. "Baada," akasema.

Akaufungua ule mpira, akaitoa mifuko, akaenda kwenye msumari, akakitungua kizibao, akampelekea Tulizo kwa mikono miwili. Tulizo hakukipokea.

"Ulinisema mbele za watu," akasema taratibu. "Na mke wangu alipita."

Erasto akabaki amesimama na kile kizibao. Kisha akakiweka magotini kwa Tulizo, akavua cha kwake, akakitundika kwenye msumari ule ule, akarudi kwenye jiwe.

"Sogea kidogo, mdogo wangu."

Tulizo alikawia. Halafu akasogea. Wakakaa hivyo wawili, hakuna anayemtazama mwenzake, mpaka akaja mama mmoja na mzigo wa viazi akitaka kupelekwa nyumbani.

Erasto akatoa ufunguo. "Mpeleke wewe. Kwa hii yangu."

Tulizo akavaa kizibao. Alipowasha, aligeuza usukani kushoto, akaugeuza kulia, akasikiliza. Injini ikatulia tuli. Akaondoka na mama wa watu. Erasto alibaki kwenye jiwe mpaka jioni, na uji wangu hakuutaka.

Tangu siku hiyo, mtu akija kijiweni na tuhuma, wanamwambia kwanza ageuze usukani wake mwenyewe, wote wasikie.

Bibi akauvuta tena ungo wake. Lusiana akachomoa chanuo kichwani, akaliweka kwenye kiganja cha Edita, akabaki ameinamia ungo wa maharage.

"Sogea kidogo," akamwambia mdogo wake. Edita akasogea.

"Usimvue mtu kizibao," Lusiana akasema polepole, "hujageuza usukani."